Aliyetumwa Mkutanoni Amerudi na Nini?

Wasomaji wetu wa Bukoba na Muleba wanajua jinsi gati linavyojaa watu meli inapoingia kutoka Mwanza. Tangu MV Victoria ilipokarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020, wafanya biashara wadogo walipata tena njia ya kuvuka ziwa pamoja na mizigo yao, na mara nyingi miongoni mwa abiria huwamo waliotoka kwenye mkutano au maonyesho. Utawatambua upesi. Mmoja amevaa fulana mpya yenye maandishi kifuani, wa pili ana mkoba wa kitambaa uliojaa vipeperushi, wa tatu ameshika bahasha yenye cheti na anaichunga isikunjike. Wote wamechoka, na wote wanasema mkutano ulikuwa mzuri. Leo twataka kuuliza swali moja tu: wale waliowatuma wamepata nini?

Swali hili si la fitina. Nauli ya meli, chakula cha njiani na kitanda cha kulala ugenini hulipwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo si Serikali wala mfadhili. Ni akina mama ishirini au thelathini wa Kamachumu, wa Nshamba au wa Kashai, ambao kila wiki hukutana na kutia fedha kidogo kidogo katika kisanduku chenye kufuli tatu. Wamemchagua mwenzao, wamemfungia mzigo wa bidhaa zao, wamemtakia safari njema. Akirudi akawaambia kwamba hoteli ilikuwa na lifti na kwamba mgeni rasmi alizungumza maneno mazito, je, amewalipa fedha yao? Sisi twaona hajawalipa.

Mikutano yenyewe haikosekani. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa ikiwakusanya mafundi na wafanya biashara wadogo tangu mwaka 1999, maonyesho ya kwanza ya Jua Kali na Nguvu Kazi yalipofanyika Arusha. Tangu hapo yamezunguka katika miji ya nchi wanachama. Mwaka 2021 yalikuwa Mwanza, mwaka 2022 Kampala, mwaka 2023 Bujumbura. Mtu wa Bukoba akiitazama ramani ataona kwamba amebahatika kuliko wengi wetu. Mwanza iko ng'ambo ya maji tu, na Kampala iko karibu naye kuliko Dar es Salaam, tena kwa mbali sana. Katika Mkoa wa Kagera wenyewe kulifanyika Wiki ya Uwekezaji mwezi wa Agosti 2019, na mwaka 2023 likaanzishwa tamasha la Ijuka Omuka, ambalo maana yake kwa Kihaya ni kukumbuka nyumbani, ili wenyeji waliotawanyika mijini wakirudi mwezi wa Desemba wasije kula ndizi na senene tu bali watazame pia kinachoweza kufanyika kwao. Kuna maonyesho ya Nanenane, kuna semina za SIDO, kuna mikutano ya benki. Mwenye nia ya kujifunza hakosi mahali pa kwenda.

Basi kosa liko wapi? Tumehudhuria mikutano ya namna hii mingi, na tumeona jambo lile lile kila mara. Watu waliosafiri pamoja huketi pamoja. Waliotoka Muleba hukaa meza ya Muleba, hula pamoja, huzungumza lugha ya nyumbani, na jioni huondoka pamoja. Mtu amevuka ziwa zima ili aje kuzungumza na jirani ambaye angeweza kumkuta kisimani. Kisha kuna habari ya posho. Hatuwalaumu watu kwa kuitaka posho, maana duka lililofungwa siku tatu haliuzi kitu. Lakini mkutano ambao swali linaloulizwa kwa sauti kubwa kuliko yote ni saa ngapi tutatia sahihi, huo si mkutano wa biashara.

Na chini ya hayo yote iko hofu ya zamani. Wafanya biashara wetu wengi huamini kwamba ukimwambia mwenzako unanunua wapi na kwa bei gani, kesho atasimama mlangoni pako akupokonye wateja. Kwa hiyo mtu husafiri na siri yake na kurudi nayo, akiwa hakutoa kitu wala hakupata kitu. Katika Buhaya mgeni hupewa kwanza kahawa ya kutafuna kabla ya kuulizwa shida iliyomleta. Kwa nini basi desturi hiyo njema tuiache mlangoni mwa ukumbi?

Tueleze tuliyoyaona. Katika mkutano mmoja wa wafanya biashara wadogo mjini Bukoba tuliketi karibu na mama mmoja kutoka Muleba, ambaye hutengeneza mvinyo wa ndizi. Kinywaji chake kilikuwa safi na kizuri, lakini alikitia katika chupa za kuokoteza, hii ndefu, ile fupi, moja bado ina alama ya kinywaji cha kiwanda. Kulia kwake alikaa kijana wa Mwanza mwenye mvinyo wa rosela, na chupa zake zilifanana zote kama askari katika gwaride. Asubuhi nzima hawakusemezana. Mchana, wakati hotuba ya tatu ilipokuwa ikiendelea, mama yule aliinama akamwuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, chupa hizi unazinunua wapi?"

Kijana akamjibu bila kinyongo. Akamwambia kwamba yeye peke yake hangeziweza, maana anayeuza kwa wingi hahangaiki na mtu wa chupa hamsini. Watengenezaji kadhaa wa Mwanza huchangishana fedha, huagiza mzigo mmoja kutoka Dar es Salaam, na kila mmoja huchukua zake. Akamweleza pia namna ya kuchuja mara ya pili ili kinywaji kisiwe na machicha. Maneno hayo hayakuchukua zaidi ya dakika kumi. Twathubutu kusema kwamba kwa mama yule dakika kumi hizo zilikuwa ndizo mkutano. Zilizobaki zote zilikuwa viti na vipaza sauti.

Lakini habari haikwisha hapo. Kabla ya jioni mwenye duka mmoja alionja mvinyo wake, akaupenda, akamwuliza kama aweza kumpatia katoni 100 kila mwezi. Mama akanyamaza. Yeye hutengeneza katoni 12, na mwezi wa mvua hata hizo hazifiki. Alipokea kadi ya yule mtu, akaitia katika mkoba, akasema asante. Tulipomwuliza kama hakuna wengine huko kwao wanaotengeneza mvinyo kama huo, alisema wako wanne katika kata yake mwenyewe. Je, amepata kuzungumza nao juu ya biashara? Alitutazama kama tumeuliza jambo la ajabu. "Hao ndio wapinzani wangu," akasema.

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wasimame kidogo. Mama huyu alikwenda mkutanoni kutafuta mteja, na mteja alimpata. Alichokikosa hakikuwako mkutanoni, kilikuwako nyumbani: wenzake wanne ambao kwa pamoja, wakipatana juu ya ladha moja, chupa moja na jina moja, wangeweza kuitazama ile katoni ya 100 bila kutetemeka. Kidole kimoja hakivunji chawa, na watu wa Kagera hawahitaji kufundishwa hayo na mtu wa nje, kwa sababu historia yao wenyewe imejaa mafundisho hayo.

Mwaka 1924 akina Klemens Kiiza na wenzake waliunda Bukoba Bahaya Union. Mkulima mmoja mmoja mwenye gunia lake la kahawa hakuwa na sauti mbele ya mnunuzi wala mbele ya ofisi ya mkoloni. Watu walianza kusikilizwa walipokaa pamoja na kusema jambo moja. Mwaka 1937 kanuni za kahawa zilizoletwa bila ridhaa ya wakulima zilizusha ghasia katika Bukoba. Hatimaye, mwaka 1950, ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika, Bukoba Native Co-operative Union, ambao mrithi wake ni KCU ya leo. Ng'ambo ya ziwa wakulima wa pamba walikuwa wakipunjwa kwenye mizani. Kijana wao mmoja, Paul Bomani, alikwenda kusoma mambo ya ushirika katika chuo cha Loughborough, Uingereza, miaka ya 1953 na 1954. Aliporudi hakukaa akisimulia baridi ya Ulaya. Mwaka 1955 Victoria Federation of Co-operative Unions iliandikishwa, na baada ya muda ikawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika. Huyo ndiye aliyetumwa akarudi na kitu.

Twajua kwamba ushirika nao ulipatwa na maradhi yake, wizi na uvivu, na wazee wengi wa Kagera hawalisikii neno hilo bila kukunja uso. Wana haki. Lakini tazama kinachotokea mkulima anapobaki peke yake: butura. Mtu mwenye shida ya ada ya shule huiuza kahawa yake ingali maua mtini, kwa bei anayotajiwa na mwenye fedha, na msimu ukifika huchuma mali ambayo si yake tena. Serikali imeipiga marufuku butura mara nyingi, na mara nyingi imerudi, kwa kuwa hustawi penye njaa ya fedha na penye giza la bei. Mwaka 2024, bei ya robusta ilipopanda mno katika soko la dunia, aliyekuwa ameuza maua alitazama tu. Kama mtu mmoja kijijini angekuwa amerudi kutoka mkutanoni na habari za bei, akazisoma mbele ya watu, labda baadhi yao wangekopeshana nyumbani wakangoja.

Tena ziko habari ambazo mtu hazipati kwa kukaa nyuma ya kaunta yake. Ni wangapi katika Muleba wanaojua kwamba mjasiriamali mdogo aliyetambulishwa kwa barua ya SIDO ameweza kwa miaka mingi kuhudumiwa na TBS apate alama ya ubora bila kulipa ada anayolipa mwenye kiwanda kikubwa? Ni wangapi wanaojua kwamba ile mistari myeusi inayoanza na tarakimu 620, ambayo maduka makubwa ya mijini huitaka, yaweza kupatikana hata kwa mwenye kiwanda cha uani? Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Lakini tunakutana bado na vikundi vinavyodhani imekufa.

Habari ya Mutukula ndiyo inayotuuma zaidi. Kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa pale mwezi wa Novemba 2017 na Marais Magufuli na Museveni. Kwa kanuni za Jumuiya, mtu mwenye bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, anaweza kupewa cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani, akapita bila kulipa ushuru wa forodha. Bado atatakiwa kutimiza masharti mengine, kama ya ukaguzi wa vyakula na mimea, na hayo ni ya haki. Lakini wako akina mama ambao mpaka leo hupita njia za panya usiku na mizigo kichwani, wakihongwa na kuhonga, wakinyang'anywa na kupigwa, kwa kuogopa ushuru ambao hawadaiwi. Afisa aliyelieleza jambo hilo katika mkutano ameshalieleza. Waliolisikia wamekwisha kurudi makwao. Limekwama wapi?

Tutoe mfano mmoja zaidi, ingawa wengine watasema si wa biashara. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uligunduliwa Uganda. Mwaka 2006 ulionekana Muleba, kwa mara ya kwanza katika Tanzania. Miaka mitano majirani zetu walikuwa wakipambana nao, wakijua kwamba ua dume lapasa kuvunjwa kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, na kwamba panga lililokata mgomba mmoja husafishwa kwa moto au kwa dawa kabla ya kugusa wa pili. Katika miaka hiyo mitano wafanya biashara hawakuacha kuvuka mpaka kila siku, wakiuza na kununua. Ndizi ndiyo chakula, ndiyo unga, ndiyo mvinyo, ndiyo kamba na mikeka; ugonjwa wake ni habari ya biashara kuliko hotuba yoyote. Ugonjwa ulisafiri kwa panga la mtu hadi shamba la jirani yake bila nauli wala posho. Maarifa yalikuja nyuma, yakichechemea.

Waandaaji nao wana sehemu yao ya lawama. Twawaomba wafupishe hotuba. Mfanya biashara aliyetoka Bumbire kwa mtumbwi, kisha kwa gari, hakuja kuambiwa kwamba wafanya biashara wadogo ni uti wa mgongo wa uchumi. Anajua, maana uti huo unamwuma. Ampe nafasi ya nusu siku nzima akae na wenye kazi kama yake, wa asali na wa asali, wa dagaa na wa dagaa, na kila meza awepo ofisa mmoja wa TBS, wa mapato au wa forodha, asiyesoma karatasi bali anayejibu. Na mazungumzo yawe kwa Kiswahili. Tumeona katika mikutano ya nchi jirani mama hodari aliyekaa kimya siku mbili kwa sababu mambo yalisemwa kwa Kiingereza, akaonekana hana la kusema, kumbe alikuwa nalo kuliko msemaji. Twaongeza kwa unyenyekevu kwamba kuweka mkutano wa wakulima wakati wa kuchuma kahawa ni kutaka ukumbi ujae makarani.

Lakini mzigo mkubwa twauweka juu ya wale wanaotuma. Vikundi vingi humtuma mwenyekiti kwa kuwa ni mwenyekiti, au yule anayejua kusema. Yafaa atumwe anayeijua kazi kwa mikono yake, yule akiona mashine ya kukausha vanila ataigusa na kuuliza bei ya kipuri chake. Kabla hajaondoka, wenzake wakae wamwandikie katika daftari maswali matatu ambayo wote hawana majibu yake. Asiondoke na kumi, atayasahau. Huko aendako asijisumbue kukusanya kadi thelathini. Watu watatu wanatosha, mradi ajue wanafanya nini, wanakaa wapi, na yeye ameahidi nini kwao. Na siku ya kwanza ya kikundi baada ya kurudi kwake, kabla kisanduku hakijafunguliwa, asome daftari lile mbele ya wote, hata majibu ambayo hakuyapata. Wale wapelelezi waliotumwa na Musa kuitazama nchi walirudi na kichala cha zabibu kilichobebwa na watu wawili kwa mti, na habari zao zikasemwa mbele ya kusanyiko zima, si nyumbani kwa mmoja wao.

Ofisi za maendeleo ya jamii za Bukoba na Muleba zaweza kusaidia hapa bila kutumia fedha nyingi. Kila mtu anayepewa barua ya kwenda mkutanoni arudishe ukurasa mmoja wa aliyojifunza, na ukurasa huo ubandikwe katika ofisi ya kata, panapobandikwa matangazo ya kodi. Mkoa una watu karibu milioni 3 kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022. Hawawezi kutoshea ukumbini wote, lakini kusoma tangazo waweza.

Kuhusu yule mama wa mvinyo, tulimtafuta wiki chache baadaye. Kadi ilikuwa bado katika mkoba, na mkoba ulikuwa umetundikwa msumarini. Hata hivyo alikuwa amekwenda kwa wawili kati ya wale wanne, akawapelekea chupa moja aliyopewa na kijana wa Mwanza ili waione. Mmoja alimpokea vizuri. Wa pili alimwuliza anataka nini hasa. Walikuwa wakihesabu chupa ngapi zingewatosha watatu kama wangeagiza pamoja. Kumpigia simu mwenye duka, alisema, atampigia watakapokuwa na katoni 40 za kumwonyesha.